Darasa Lililokataa Kumpima Nyevu

Ijumaa, tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita. Tangu alfajiri kumekuwa na manyunyu yale ya uchokozi, ya kukufanya uanue nguo, uzianike, uzianue tena mpaka uchoke nazo. Mchana jua lilichungulia kidogo, likaona haya, likarudi lilikotoka. Nguo ziko ndani ya beseni mpaka sasa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kufundisha Kiingereza katika shule zetu hizi, kuanzia hapa Dabaso mpaka kule Ganze. Sina hakika kama nina haki ya kuwaandikia. Nyinyi mmetoka chuoni. Mimi niliishia kidato cha pili, nikaitwa nishike darasa kwa muda mpaka mwalimu wa kweli apatikane, na huyo mwalimu wa kweli sikumwona mpaka siku niliyostaafu. Basi mkiona nimekosea, nisahihisheni kwa penseli. Kalamu nyekundu niachieni mwenyewe, mkono wangu umeizoea.

Nataka kusema juu ya maswali ya kulinganisha. Mnayajua. Kuna picha, chini yake sentensi yenye pengo, na chini ya sentensi majibu manne. Watoto wawili wamechorwa, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na anayefanya mtihani achague lipi litaingia penye pengo: "taller than", au "more taller than", au "as tall as", au "tallest". Mtasema ni mepesi. Mimi yalinichosha miaka yangu yote ya kazi, na mwezi huu yalitaka kumkosesha kazi mtoto wa kaka yangu.

Huyo ni Kadzo. Anakaa nami kwa sababu shule anayofundisha iko karibu na kwangu, na pia, nadhani, kwa sababu kaka yangu anataka mtu wa kuniangalia. Kadzo ni mwalimu wa bodi, maana yake aliajiriwa na wazazi na mkataba wake huangaliwa kila mwisho wa muhula. Amepewa gredi ya sita. Ana bidii, ana sauti nzuri, na ana simu ambayo anaiuliza kila kitu, hata kama mvua itanyesha, ilhali dirisha liko wazi mbele yake.

"Shangazi, simu inasema hakuna mvua leo."

"Basi iambie simu ikaanue nguo zangu."

Lakini nisimwonee. Simu hiyo hiyo niliijaribu kwa sheria za kulinganisha, nikitumaini itateleza, na haikuteleza.

Mimi sheria hizo nilizipata kwa Maalim Athumani, mtu wa Malindi mjini, aliyefundisha nami nilipoanza. Alikuwa akisema nasi kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliniambia: "Dama, kwetu sisi neno halibadiliki. Mrefu ni mrefu tu, awe peke yake au awe na wenziwe. Unaongeza 'kuliko' ukamaliza. Waingereza neno lao huota mkia. Mtoto wetu anaona mkia umeshaota, lakini kichwani bado anaisikia ile 'zaidi' yake, anatafuta pa kuiweka. Ndipo anapochagua 'more taller'. Huyo amevaa kofia juu ya kofia. Mvue moja, usimwache kichwa wazi."

Akanifundisha pia kuziba. Mtoto aweke kiganja juu ya majibu manne asiyaone kwanza, kwa sababu majibu ya uongo yameandikwa na mtu mzima mwenye akili, na yanavutia. Aangalie picha, ajiulize: ni wangapi hawa? Wakiwa wawili, neno fupi linaota mkia mdogo na "than" haiko mbali. Wakizidi wawili, mkia mkubwa, na "the" inatangulia. Neno likiwa refu haliwezi kubeba mkia, linavaa "more" kichwani. Na wakiwa sawa, ni "as" mbili, moja mbele moja nyuma, kama watu wawili waliobeba kitanda. Ndipo aondoe kiganja.

Siku moja Maalim alileta kaa watatu wa mikokoni ndani ya kikapu, magando yamefungwa kwa ukambaa, akawapanga mezani kwa ukubwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma najifunza. Somo lilikwenda vizuri mpaka yule kaa mkubwa kabisa akajifungua, akashuka mezani na kushika njia ya mlangoni kama aliyesikia kengele. Darasa zima likapanda juu ya madawati. Sitawaambia mimi nilikuwa wapi. Maalim hakupandisha sauti. Aliinua kanzu yake kidogo, akaangalia meza.

"Sasa wamebaki wangapi?"

"Wawili, Maalim."

"Basi lile neno la wengi halina kazi tena. Nipeni la wawili."

Wakampa, wakiwa huko huko juu ya madawati, na wote walipata. Yule kaa alionekana mara ya mwisho akielekea jikoni kwa mpishi wa shule, na kesho yake hakuna aliyeuliza habari zake. Nisimsifu Maalim kupita kiasi, maana alikuwa na mwandiko ambao hata yeye alihitaji kuukisia, na Jumatatu hakufika mapema hata moja. Lakini kila nilipoingia darasani baadaye niliingia na yeye.

Baadaye nilipelekwa Ganze, nikajiona mwalimu. Nikawauliza watoto wa kule kipi kizito zaidi, gunia la makaa au mtungi wa maji wa lita ishirini. Nilikuwa na jibu langu tayari. Msichana mmoja akainua mkono, akaniuliza, "Mpaka wapi, mwalimu?" Nikamwambia haina mpaka wapi, ni uzito tu. Akanitazama kwa huruma. Kwao bwawa la maji lilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na makaa yalichomwa nyuma ya nyumba. Nikafuta swali. Tangu hapo nikaweka kanuni yangu moja ambayo si ya Maalim wala ya chuo: kabla hujauliza, mfikirie anayejibu ameketi wapi. Ni kanuni nzuri. Ndiyo maana naona haya kuwaambia kwamba mwezi huu haikunijia kichwani hata kidogo.

Mwanzoni mwa mwezi huu Kadzo aliwapa watoto wake mtihani alioutunga mwenyewe. Chuoni walimwambia atumie mambo ya pale pale mtoto alipo, asilete theluji na treni. Akachora picha kwa mkono wake, nzuri kweli, na chini ya kila picha akaandika majina ya watoto wa darasa lake. Safari mrefu na Nyevu mfupi. Jumwa anakimbia mbele na Nyevu nyuma. Daftari la Charo safi na la Nyevu limechafuka wino. Akaja kusahihishia mezani kwangu.

Wote walikosa. Na si kukosa ovyo ovyo. Katika kila swali la kulinganisha, darasa zima lilichagua jibu la "as" mbili. Safari ni mrefu sawa na Nyevu. Jumwa ana mbio sawa na Nyevu. Picha iko juu yao inasema vingine, na wao wamekaza kuwa sawa. Karatasi moja tu ilikuwa na majibu yote sahihi, nayo ilikuwa ya Nyevu mwenyewe.

"Angalau mmoja alikusikia," nilimwambia Kadzo.

"Shangazi, usinitanie leo."

Nikaacha, kwa muda. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mutua, aliziona karatasi hizo siku iliyofuata. Ni mtu wa bara, na Kiswahili chake hupita njia ya mkato, lakini hufika. Na Kiingereza changu nacho kimepita njia hizo hizo, kwa hivyo namheshimu.

"Mwalimu Kadzo, darasa mzima imeandika kitu moja. Hiyo inaniambia hawakufundishwa, ama wamenakili. Yote mbili ni mbaya."

"Nimewafundisha, mwalimu."

"Mimi naamini. Lakini bodi inakaa mwisho wa mwezi, na wazazi hawataniuliza ninaamini nini. Wape ingine. Nitasahihisha mwenyewe. Wakishindwa tena, sitakuwa na maneno ya kukutetea."

Naandika hapa ili isomwe: Mwalimu Mutua hakukosea. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo, pengine kwa sauti kubwa zaidi.

Kadzo usiku ule hakugusa simu, nikajua mambo ni mazito. Nikamwambia nitakuja darasani kumsaidia. Nilikwenda na ungo wenye nazi, madafu na kijiko, nikafundisha kama zamani. Watoto walinisalimia shikamoo kwa pamoja, wakakaa wima. Nikawauliza nazi na dafu, kipi kikubwa. Wakajibu. Nikatia cha tatu. Mkia mkubwa ukatoka midomoni mwao bila kusukumwa. Hakuna hata mmoja aliyevaa kofia juu ya kofia. Jumwa, yule msemaji wao, alinisahihisha mimi mara moja, na alikuwa na haki.

Njiani tukirudi nilimwambia Kadzo, "Hawa wanajua. Labda karatasi huwatia hofu."

"Karatasi za hesabu haziwatii hofu."

"Labda waliona vibaya picha."

"Shangazi, umesema picha zangu ni nzuri."

Nilijiambia pengine mimi nimepitwa na wakati na tatizo hili ni la aina mpya, lina jina lake la kitaalamu. Yote hayo nikiwa nimebeba ungo kichwani, na jibu liko mbele ya macho yangu.

Aliyelipata ni Kadzo. Kesho yake alichukua zile karatasi za kwanza, akamsimamisha Jumwa, akamwonyesha picha ya Safari na Nyevu. Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na mlango.

"Jumwa, picha hii inaonyesha nini? Niambie kwa Kiswahili."

"Safari ni mrefu kuliko Nyevu."

"Kwa Kiingereza?"

Akasema, sawasawa kabisa.

"Basi mbona hapa umeandika wako sawa?"

Jumwa akaangalia sakafu. Darasa zima likaangalia sakafu. Mtu angedhani kuna kitu kimeanguka.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "Nyevu si yuko hapa hapa."

"Yuko hapa, ndiyo. Sasa?"

"Kila swali ni yeye. Mfupi yeye, wa nyuma yeye, mchafu yeye. Tutaandikaje hivyo na yeye anatuona?"

Nikamtazama Kadzo, naye akanitazama. Mtoto mmoja wa nyuma akaongeza, polepole, "Na bibi yangu alisema mtu hapimwi."

Nyinyi mliolelewa huku hamhitaji kuelezwa. Ukiwa na mtoto mnono, mgeni akimsifu, utamwambia, "Huyu? Mbona anaumwa kila siku." Nazi zako zikiwa kubwa, unasema ni za kawaida. Mtu humpimi na mwenziwe mbele za watu: aliye juu utamtilia kijicho, na aliye chini utamvunja. Mimi mwenyewe sijawahi kutamka kwa sauti ni yupi kati ya wanangu ana akili zaidi, na ninajua. Lakini Kiingereza cha mtihani kinadai kutamka. Watoto wale walikwama kati ya adabu waliyolelewa nayo na alama, wakaitoa alama. Na hawakupanga pamoja, kila mmoja alifikia hapo peke yake, akidhani ndiye pekee.

"Kwa nini ulimweka Nyevu kila mahali?" nilimuuliza Kadzo kwa sauti ya chini.

Aliona haya mpaka masikio. "Jina lake ni fupi. Linaingia vizuri chini ya picha."

Nyevu alikuwa amekaa mbele, miguu haifiki chini. Kadzo akamwendea, akachutama.

"Na wewe, Nyevu, mbona uliandika wewe ndiye mfupi?"

"Kwani si mfupi, mwalimu? Mimi najijua. Lakini daftari langu halina wino."

Akalitoa. Halikuwa na wino. Kadzo akamwomba radhi mbele ya darasa.

Jioni tukakaa kulijadili, na hapa nilitaka kuwa mwadilifu. Upande mmoja, majibu yao yalikuwa makosa: picha ilisema jambo, wao wakaandika jingine. Huwezi kumpa mtu alama kwa wema. Upande wa pili, mtihani ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza walikijua. Kadzo alitaka kumweleza Mwalimu Mutua yote. Nikamwambia amweleze, ni haki ajue, lakini bodi haitakubali maelezo bila karatasi.

"Basi niweke majina ya mbali. Akina Tom."

"Unaweza. Lakini ulisema chuoni walikukataza theluji."

"Niweke nani, shangazi? Nikiweka mtoto yeyote wa darasa, ni yale yale."

Nikafikiri. Nikamwambia, "Niweke mimi."

"Wewe?"

"Mimi na wewe. Mimi ndiye niwe chini kila mahali. Umri wangu huu, nani atanionea kijicho? Na wa kunivunja alishachelewa."

Alikataa. Nikamwambia jina langu nalo ni fupi. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akachukua penseli. Usiku akanionyesha picha, na hapo niligundua kuwa mtoto wa kaka yangu amekuwa akiniangalia kwa makini kuliko nilivyodhani. Kanga yangu inaburuta. Meno yangu yamehesabiwa. Katika picha ya mbio, yeye amefika kwenye mti na mimi bado navaa ndara. Katika picha ya nguvu, yeye amebeba mtungi wa maji na mimi nimeshika kikombe.

"Kikombe, Kadzo?"

"Ulisema uwe chini kila mahali."

Mtihani umefanywa leo asubuhi, manyunyu yakigonga mabati. Niliomba nikae nje barazani, nisije nikawatisha kwa uso wangu. Nilisikia kicheko kimoja kikazibwa na mkono, kisha kingine. Mwalimu Mutua alipotoka na karatasi alikuwa amekunja midomo.

"Mwalimu Dama, wewe umekubali hii?"

"Nimekubali."

"Hata hii ya meno?"

"Hata hiyo, ingawa naona moja limesahaulika."

Alisahihishia ofisini, mlango wazi, Kadzo amesimama pembeni amejishika vidole. Nilikuwa nimeketi karibu na sikuthubutu kusogea. Karatasi ya kwanza, sahihi tupu. Ya pili vilevile. Mimi ni mzito wa mwendo kuliko Kadzo, mfupi kuliko Kadzo, na sauti yangu ya kuimba ni mbaya kuliko ya Kadzo. Watoto wameandika haya kwa mwandiko mzuri, bila kusita hata kidogo. Niseme kweli, nilitarajia wasite kidogo. Nilisikia furaha na mwiba unanichoma kwa wakati mmoja.

Ndipo akafika kwenye karatasi ya Nyevu, akasimama.

"Huyu alikuwa wa kwanza mara ile. Leo amekosa moja."

Ilikuwa ile ya mtungi na kikombe. Wote walikuwa wameandika Mwalimu Kadzo ana nguvu kuliko Bi Dama. Nyevu alikuwa ameandika "as strong as". Tuko sawa.

Kadzo akanong'ona, "Shangazi, amekuhurumia."

Mwalimu Mutua alishika kalamu hewani. Kadzo alishamweleza habari yote juzi, kwa hivyo alijua anachokitazama. "Nifanye nini na hii? Wewe ndiye mwenye jina."

Nilitamani sana kusema mpe. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyedhani ninaweza kubeba mtungi. Lakini picha inaonyesha kikombe. Wenzake wote walitazama kikombe wakaandika kikombe, na wao pia wananipenda, natumaini.

"Ni kosa," nikasema. "Weka kosa."

Akaliweka, dogo, pembeni. Kisha akakusanya karatasi, akazigonga mezani mpaka zikalingana.

"Mwalimu Kadzo, hii gredi ya sita ni yako mpaka mwaka iishe. Mimi mwenyewe nitaiambia bodi hivyo. Na hizi picha, unaweza kunichora mimi?"

"Nikikuchora, mwalimu, utakuwa juu au chini?"

"Weka sawa," akasema. "Mimi naogopa watoto wako."

Tulirudi nyumbani tumejifunika leso moja, Kadzo akisema njia nzima na mimi nikimwacha aseme. Kabla ya kutoka shuleni nilikuwa nimempitia Nyevu langoni. Nilimwambia amekosa moja. Akasema anajua, aliona kikombe.

Jioni hii tumekula sima, mchicha wa nazi na samaki kolekole wa kukaanga, ambaye Kadzo mwenyewe alimkata vipande viwili. Kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko chake, tena kwa mbali. Nilimwonyesha. Akaviangalia vyote viwili, akanawa mikono, akaniambia viko sawa.